Fedha Zipo Nyanda za Juu Kusini, Shida Ni Namna Zinavyoingia Kwenye Kampuni Changa

Kila kongamano la vijana na ujasiriamali likifanyika Mbeya au Iringa, mjadala huishia pale pale: mtaji hakuna. Sikubaliani na kauli hiyo. Mtu aliyepita Mafinga akaona malori yanavyopakia mbao, aliyekaa Igurusi au Ubaruku wakati mpunga unatoka, au aliyesimama Tunduma asubuhi yoyote ile, hawezi kusema ukanda huu hauna fedha. Wapo walimu na wauguzi wenye mashamba ya miti Mufindi na Kilolo. Wapo wafanyabiashara wa viazi Njombe na Makambako, wakulima wa kahawa Mbozi, wa kakao Kyela, wa chai na ndizi Rungwe. Kila mwaka mavuno yakishauzwa, fedha hizo zinatafuta pa kwenda. Zinakwenda kwenye kiwanja, nyumba ya kupangisha, Fuso na miti, na zinazobaki zinakopeshwa kwa riba. Zinazofika kwenye kampuni changa ni kidogo sana, na hizo kidogo zinafika kama mkopo hata pale anayezitoa anapojiita mwekezaji.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa. Kampuni nyingi changa za huku zinakufa kwa sababu zilipewa fedha za aina isiyozifaa, na mtoaji naye hakujua ametoa nini.

Tunajua inavyokwenda. Kijana amemaliza Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ametengeneza mfumo wa simu au kimashine cha kukaushia matunda, amepata wateja wawili watatu. Mjomba wake mwenye duka la vifaa vya ujenzi anampa shilingi milioni tano. Hakuna karatasi. Makubaliano ni maneno mawili: "tutagawana faida." Mwezi wa tatu simu inaanza: "Vipi mwanangu, mzigo umefikia wapi?" Mwezi wa sita mjomba ana msiba au ada za watoto, anataka chake. Kijana anakwenda kwenye mikopo ya riba kubwa ya kausha damu ili asivunje undugu, na mwezi wa tisa kimashine kimeuzwa. Fedha zile zilikuwa mkopo usio na tarehe wala masharti, na mkopo wa namna hiyo ni hatari kuliko wa benki, kwa sababu benki angalau inakuambia mapema itakuja lini.

Sasa mwangalie mjomba huyo huyo kwenye miti. Amenunua ekari tano Mufindi, amepanda misindano, na anasubiri miaka 10 na zaidi bila kumpigia mtu simu ya faida. Anajua moto wa kiangazi unaweza kupita usiku mmoja ukamaliza kila kitu. Anajua watu wakikata miti michanga kwa wingi bei ya mbao inashuka. Bado anasubiri. Watu wetu wana subira, basi, tena subira ambayo wawekezaji wa miji mikubwa hawana. Anasubiri kwa sababu miti anaiona ikikua, shamba lina mipaka na karatasi ya serikali ya kijiji, na anajua siku ya kutoka itakavyokuwa: mnunuzi atakuja, atahesabu miti, watapatana. Kampuni changa haimpi hata kimoja kati ya hivyo, halafu tunamlaumu kwa kukosa uvumilivu.

Tuanze na kuona. Mwekezaji anayetaka kujua kama kampuni ya huku inakua lazima aisome kwa kalenda ya mvua. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mpunga wa Usangu na mahindi ya Mbozi yanaingia sokoni katikati ya mwaka, na kuanzia Juni hadi Septemba kila biashara inachangamka, kuanzia bodaboda hadi maduka ya simu Mwanjelwa, Mbeya mjini. Desemba hadi Machi fedha imezikwa shambani: mbolea, mbegu, palizi, na Januari inaongeza ada na sare za shule. Kampuni iliyofunguliwa Julai inaona mauzo yakipanda wiki hadi wiki, mwanzilishi anaajiri watu wanne na kupanga ofisi ya barabarani. Ikifika Februari hana cha kulipa mishahara, na kila mtu anasema wazo lilikuwa baya. Pengine wazo lilikuwa zuri, ila halikuwa limepita mwaka mzima.

Kwa hiyo ukiletewa hesabu za kampuni, omba za Februari kwanza. Kama kampuni haijawahi kuishi Februari, weka akilini kwamba hujaona kitu bado, na toa fedha ambazo zinatosha kuifikisha mavuno mawili. Mkopo wenye marejesho ya kila mwezi kwa biashara inayomtegemea mkulima ni kosa la mahesabu tangu siku ya kusaini.

Kitu kingine cha kuona ni mteja analipia nini hasa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wenye akili wanapopotelea. Wazo linalojirudia kuliko yote katika mikoa hii ni programu ya simu ya kumuunganisha mkulima na soko "bila dalali". Dalali anaonekana kama mwizi aliyekaa katikati. Mwanzilishi anatengeneza programu, anaandikisha wakulima wa viazi wa Isyonje, anatafuta wanunuzi Dar es Salaam, anangoja biashara itiririke. Haitiririki.

Fuatilia gunia moja la viazi uone kwa nini. Mnunuzi wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, hamjui mkulima, na mkulima hamjui yeye. Dalali anawajua wote wawili. Anajua shamba la nani limekomaa na la nani limechimbwa mapema. Anatafuta lori, na mara nyingi anajua lipi linarudi Dar tupu kwa hiyo nauli inapatanika. Anakusanya vijana wa kuchimba, kujaza na kushona magunia. Mzigo ukifika umeoza magunia manane kati ya themanini, yeye ndiye anayepokea matusi na kukaa na pande zote mpaka muafaka upatikane. Mkulima akifiwa au mtoto akilazwa Januari, dalali ndiye anayempa laki mbili kwa ahadi ya mavuno. Yapo mengi ya kumlaumu: bei anazoficha, na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kilo 100 zinazoruhusiwa wakati mkulima analipwa kama gunia moja. Lakini kazi tano anazofanya ni za kweli, na programu iliyoondoa mtu bila kuzifanya kazi zake imeondoa soko lenyewe.

Kampuni inayostahili fedha ni ile iliyochagua kazi moja kati ya hizo tano na kuifanya vizuri kuliko dalali, hata ikibidi dalali mwenyewe awe mteja wake wa kwanza. Kupata lori linalorudi tupu kwenye barabara kuu ya Tunduma hadi Dar es Salaam ni biashara inayojitegemea. Kukusanya vijana wa kuchimba na kujaza magunia ni nyingine. Kama mwanzilishi hawezi kukueleza dalali anafanya nini hatua kwa hatua, mwambie akae Isyonje msimu mmoja kabla hujatoa hata shilingi. Atarudi na wazo tofauti, na huenda likawa dogo zaidi na lenye faida zaidi.

Sasa karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye kampuni daftari la kwanza ni la wanahisa. Nimeona mikataba ya kuandikwa kwa mkono, imesainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, inayosema fulani ana asilimia 30 ya kampuni, wakati kumbukumbu za BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, zinaonyesha mwanzilishi ana asilimia 100. Ikitokea kifo, talaka au mnunuzi, hoja itaanzia kwenye kumbukumbu za BRELA, na wewe utakuwa na kesi ya kuthibitisha. Ukitoa fedha kwa ajili ya hisa, hisa zigawiwe na mgao upelekwe BRELA, na usitoe awamu ya pili kabla hujaona jina lako.

Hesabu ya hisa yenyewe si ngumu. Tuseme watu kumi wa Iringa mjini wanachanga milioni mbili kila mmoja, jumla milioni 20, wanapewa asilimia 20. Maana yake wamekubali kwamba kampuni, pamoja na fedha zao ndani, ina thamani ya milioni 100, na kila mmoja ana asilimia mbili. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaona tumepunjwa: milioni 20 taslimu kwa asilimia 20, na kijana hana hata meza! Tunadai asilimia 60. Hapo tumeua ng'ombe kwa ajili ya ngozi. Waanzilishi wawili wanabaki na 20 kila mmoja. Kampuni ikihitaji fedha tena na kuuza robo yake kwa mwekezaji mwingine, kila mmoja anashuka hadi 15. Kijana mwenye shahada anayeweza kuajiriwa hatakesha miaka sita kwa asilimia 15 ya kitu ambacho kinaweza kisifike popote. Ataondoka, na asilimia 60 yetu itakuwa ya kampuni isiyo na mtu.

Hatari iliyo karibu zaidi iko kwa waanzilishi wenyewe. Marafiki wawili waliosoma darasa moja wanagawana nusu kwa nusu siku ya kwanza, kwa mapenzi tu. Mwezi wa nane mmoja anaitwa kazini serikalini, anapangiwa Sumbawanga. Hakuna wa kumlaumu, maana ajira ya kudumu nyumbani kwao inasubiriwa na watu wengi. Lakini ameondoka na nusu ya kampuni, na anayebaki atafanya kazi miaka yote ijayo huku nusu ya kila shilingi ikienda kwa mtu asiyekuwepo. Huko California ambako ujasiriamali wa aina hii umekomaa, hisa za mwanzilishi huiva, yaani huwa zake kabisa, kidogo kidogo kwa miaka minne, na asiyemaliza mwaka wa kwanza haondoki na kitu. Kwa utaratibu huo, wa Sumbawanga angeondoka mikono mitupu mwezi wa nane. Angefanya kazi miaka miwili angeondoka na nusu ya hisa zake, yaani robo ya kampuni, na kwa haki. Kifungu hicho kinaandikwa kwenye ukurasa mmoja. Ningekuwa na milioni moja tu ya kuwekeza, ningekiulizia hicho kabla ya kuuliza mauzo.

Lipo pia suala la sheria ambalo watu wanalikanyaga bila kujua. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kampuni binafsi haitakiwi kuwa na wanahisa zaidi ya 50, ukiacha wafanyakazi wake, na hairuhusiwi kutangazia umma hisa zake. Kundi la WhatsApp la watu 200 wanaoalikwa "kununua hisa" za mradi wa parachichi liko nje ya mstari huo, hata kama waanzilishi wana nia safi. Watu wa umri wangu wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu uliozimwa mwaka 2009 baada ya watu wengi nchini "kupanda mbegu" wakingoja kuvuna. Alama yake bado ipo: ukimwambia mtu wa makamo kuhusu kuwekeza kwenye kitu ambacho hakioni, anakumbuka mbegu ile. Njia ya kurudisha imani hiyo ni watu wachache wanaofahamiana, kampuni iliyosajiliwa, fedha zinazopita benki.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri nitasema kidogo. Mgawanyo wake wa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu umewafikia watu ambao benki haiwagusi, na haina riba. Ila kwa kampuni changa ina kasoro ya asili: inarejeshwa, tena mapema, na imejengwa juu ya vikundi. Matokeo yake vijana wanaunda vikundi vya kukopea, wanagawana fedha, kila mmoja anakwenda na lake. Inafaa kwa ufugaji wa kuku, cherehani na bodaboda. Isibebeshwe kazi ya mtaji wa hisa.

Na si kila biashara inahitaji mtaji wa hisa. Tuseme umeweka milioni mbili katika kampuni kumi. Sita zikafa kabisa, tatu zikarudisha milioni mbili zako tu. Una milioni sita mkononi, umetoa 20. Ile ya kumi lazima ikurudishie milioni 14, mara saba, ili usipate hasara tu. Ndiyo hesabu iliyotawala kazi hii tangu mwanzo. Georges Doriot na wenzake walianzisha kampuni ya uwekezaji ya ARDC kule Boston mwaka 1946; mwaka 1957 wakatoa dola 70,000 kwa kampuni changa ya kompyuta iliyoitwa Digital Equipment Corporation, na hisa hizo baadaye zikafikia mamia ya mamilioni ya dola. Kampuni hiyo moja ilizifunika nyingine zote walizowahi kuziwekea fedha.

Swali la kujiuliza kabla ya kutoa fedha, kwa hiyo, ni hili: mambo yakienda vizuri kabisa, kampuni hii inaweza kukua mara kumi? Saluni nzuri ya Mwanjelwa haiwezi, na haina haja. Inahitaji mkopo wa masharti nafuu, itaulipa, mwenyewe atabaki na saluni yake. Kiwanda kidogo cha kusindika parachichi zinazokataliwa na wanunuzi wa nje kinaweza, kwa sababu malighafi inaongezeka kila mwaka kadiri miche ya parachichi aina ya Hass ya Njombe, Rungwe na Mufindi inavyoanza kuzaa. Kuichukulia saluni hisa ni kumwonea mwenye saluni, na kukipa kiwanda mkopo wa miezi 12 ni kukizika kikiwa hai.

Inabaki siku ya kutoka, na hapa lazima tukubali kwamba njia za Marekani hazitufai zilivyo. Kule mwekezaji anasubiri kampuni inunuliwe na kubwa zaidi au iingie soko la hisa. Mkataba mfupi uliobuniwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayolea kampuni changa, mwaka 2013, ambao sasa unanakiliwa dunia nzima, hauna riba wala tarehe ya mwisho: fedha zako zinageuka hisa siku mwekezaji mkubwa anapoingia. Kwa kampuni ya Makambako mwekezaji huyo anaweza asije kamwe, na karatasi yako ikakaa kabatini. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni zinazokua, na Mucoba, benki iliyozaliwa Mafinga, iliingia huko mwaka 2016, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu wa huku hawajawahi kufika. Lakini kujenga mpango wa kutoka juu ya mlango huo, kwa kampuni yenye wafanyakazi watano, ni kujidanganya.

Njia ninayoiona inafaa zaidi ni kukubaliana asilimia ya mauzo hadi kiwango fulani, pamoja na hisa chache za kudumu. Rudi kwa wale kumi wa Iringa na milioni 20 zao. Wanakubali asilimia tano ya mauzo, inayolipwa kila robo mwaka, hadi wapate milioni 40. Kampuni ikiuza milioni 72 mwaka wa kwanza, wanapata milioni 3.6. Mauzo yakiongezeka maradufu kila mwaka, wanapata 7.2 mwaka wa pili, 14.4 wa tatu, na mwaka wa nne wanafikia milioni 40 na mkataba unaisha. Mauzo yakigoma kukua, wanasubiri zaidi ya miaka 11, na huo ndio ukweli wa kampuni isiyokua. Februari mauzo yakishuka, malipo yanashuka yenyewe bila mtu kupiga simu. Tahadhari moja: kwa biashara ya kununua na kuuza, ambayo faida ni shilingi chache kwa kilo, asilimia tano ya mauzo inaweza kuwa faida yote. Hapo hesabu ifanywe kwenye kinachobaki baada ya kulipia bidhaa.

Watu kumi wenye nia ya kuanza msimu huu wa mavuno wanaweza kuchangia gharama ya wakili mmoja wa Iringa au Mbeya, aandike mkataba mmoja utakaotumika kwa kila kampuni watakayoiingia. Waweke humo kuiva kwa hisa za waanzilishi, asilimia ya mauzo na kikomo chake, na taarifa ya ukurasa mmoja kila robo mwaka yenye mauzo, fedha zilizoko benki, na miezi ambayo fedha hizo zitafika. Wasichukue funguo wala kupanga bei za bidhaa, maana hiyo ni kazi ya mwanzilishi. Na taarifa ikionyesha kwamba zimebaki fedha za miezi mitatu, waambiwe wiki hiyo hiyo, ili uamuzi wa kuongeza fedha, kupunguza gharama, au kufunga kampuni na kugawana mashine zilizobaki ufanyike wakati mashine hizo bado hazijauzwa kulipa kausha damu.